Chombo cha Mfuniko wa Bluu

Pyo Jeomrye aliuza vitoweo sokoni kwa miaka thelathini na nane, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpa mtu anayempenda kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ndani ya mfuko wa nailoni. Mfuko ni wa wateja. Mteja hufungiwa mfuko wake, huenda zake, na ukimsahau kabla hajafika kona si dhambi. Mtu wako humtilia kimchi ndani ya chombo, kwa sababu chombo lazima kirudi, na chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kitarudi na viazi, kitarudi na mayai, kikikosa kabisa kitarudi na machungwa matatu yaliyosinyaa, ila kitarudi, na anayekileta ataingia ndani na kunywa chai.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Januari, jikoni kwake Seoul, mikono yake ilisitasita ilipojikuta ikishindilia kabichi nyekundu za pilipili ndani ya mfuko. Jeomrye aliikaripia mikono. Akaufunga mfuko fundo moja, akaongeza la pili, akaongeza la tatu akihofia harufu isije ikamwaibisha kwenye treni. Akautia kwenye boksi la karatasi, akalizungushia kamba, akavaa koti lake zito na soksi mbili mbili, akatoka.

Kimchi ile ilikuwa ya Hyorim, mkamwana wake, anayeishi Chuncheon, mji wa ziwani, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni. Niseme ukweli mapema ili tusizungushane: Jeomrye alikuwa anakwenda kumwacha. Alikuwa ameamua hivyo tangu mwezi wa kumi, na tangu mwezi wa kumi hakulala vizuri.

Mwanawe wa pekee, Gitae, alifariki kwa ugonjwa wa ini majira ya baridi sita yaliyopita, akamwacha Hyorim bila mtoto. Majirani wa Jeomrye, ambao hawakosi la kusema, walitabiri mapema. "Mpe mwaka mmoja tu," walisema. "Hakuna mjukuu, hakuna damu. Nini kitamrudisha kwako?" Lakini kila mwisho wa Novemba, siku za kutia kabichi chumvi, Hyorim alishuka Seoul, akavaa aproni ya plastiki, akainama siku mbili nzima akiosha na kupaka pilipili hadi kiuno kikakataa kunyooka. Na kila Januari, kimchi ilipokwisha kuiva vizuri, Jeomrye alipanda treni kumpelekea fungu lake.

Walikuwa na vyombo viwili vya plastiki, kimoja cha mfuniko mwekundu, kingine cha mfuniko wa bluu. Juu ya kila mfuniko Jeomrye alikuwa ameandika kwa wino mweusi, zamani Gitae akiwa hai, "Nyumba ya Gitae." Kimoja kikienda kimejaa, kingine kilirudi na chochote alichopika Hyorim. Katika miaka sita vyombo hivyo havikuwahi kulala chini ya paa moja. Sasa chekundu kilikuwa Seoul, kwenye friji, kitupu. Cha bluu kilikuwa Chuncheon.

Kisha Oktoba ikaja simu. "Mama," Hyorim alisema, akalia kabla hajafika popote. "Mama, kuna mtu." Jeomrye alisema vizuri, vizuri sana mwanangu, hata mimi nilikuwa naomba iwe hivyo. Na kweli alikuwa akiomba. Alikata simu, akakaa sakafuni na kukata figili hadi zikajaa beseni mbili, wakati hakuna aliyemwagiza figili.

Alilitafakari jambo lile kama mtu mwenye haya. Mwanamke anayeolewa upya hawezi kubebeshwa vyombo vya mama wa marehemu mume wake. Huyo bwana ataona jina la Gitae juu ya mfuniko kila akifungua friji. Ataona bibi kizee anafika kila Januari na boksi. Basi Novemba hakumwita Hyorim. Alimwambia kwa simu kwamba mwaka huu anatengeneza kidogo tu, asisumbuke. Alitengeneza vichwa arobaini vya kabichi peke yake, akaugua mgongo wiki nzima.

Na leo mpango ulikuwa huu: apeleke kimchi ndani ya mfuko, mfuko usio na deni la kurudi, na achukue kile cha bluu arudi nacho. Hapo hakutabaki kitu kati yao cha kumlazimisha mtoto wa watu.

Treni iliondoka kituo cha Sangbong, hapo Seoul, saa tatu na nusu, imejaa wazee. Ukishatimiza miaka sitini na tano unapanda bure, na Chuncheon ndiyo mwisho wa reli, kwa hiyo kila mzee mwenye magoti yanayokubali huenda huko kula tambi na kurudi. Jeomrye alipata kiti, akalisukuma boksi chini miguuni pake. Hewa ya moto ilikuwa ikipuliza kutoka chini ya kiti na kumchoma vigimbi vya miguu kwa raha.

Jirani yake alikuwa bibi mwenye kofia ya zambarau na fimbo ya kupandia milima, ingawa hakuonekana kuwa na nia ya kupanda mlima wowote.

"Wewe wa mwaka gani?" bibi yule aliuliza, hata salamu haijapoa.

"Wa nyoka," Jeomrye alijibu, kwa kalenda inayoupa kila mwaka mnyama wake.

"Mimi wa joka! Nimekutangulia mwaka, basi mimi dada yako. Naitwa Wolsun. Nakwenda kula tambi, narudi na treni ya saa tisa. Na wewe?"

"Nampelekea kimchi aliyekuwa mkamwana wangu."

"Aliyekuwa?" Wolsun aligeuka mwili mzima. "Waliachana?"

"Mwanangu alifariki."

"Lo. Pole, mdogo wangu." Nje, mashamba yalikuwa meupe, na mito midogo imeganda kingoni.

Walikuwa wamekwisha pita kituo cha Gapyeong wakati boksi lilipoanza kulia. Mwanzo ilikuwa sauti ndogo, fyuuu, kama birika lililo mbali. Jeomrye alidhani ni treni. Kisha boksi likavimba mgongo, kamba ikakaza, na kabla hajainama, pu! Mfuko ukapasuka. Maji mekundu yakatoka kwenye kona ya boksi na kutambaa sakafuni, na harufu ya vitunguu saumu na dagaa waliochacha ikajaa behewa zima. Kijana mmoja alihama na masikio yake yenye vifaa vya muziki. Wazee wengine walicheka hadi wakashikana.

"Nani kafungua duka humu?" mmoja alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Leta wali, kitoweo kishafika!" mwingine akajibu.

Jeomrye alitamani sakafu immeze. Miaka thelathini na nane sokoni, halafu anaweka kimchi iliyokwisha iva juu ya joto, ndani ya mfuko wa mafundo matatu! Mtoto wa miaka saba asingefanya hivyo. Kweli mganga hajigangi. Alipiga magoti akifuta kwa skafu yake, na Wolsun, ambaye alikuwa na kila kitu ndani ya begi lake, akatoa magazeti, tambara na mifuko miwili mizima.

"Wewe mdogo wangu, ulikuwa na wazimu?" Wolsun alisema huku akifuta. "Kimchi inahema. Ukiinyima nafasi ya kuhema, itakupasukia. Chombo chako kiko wapi?"

"Kilipasuka."

"Kilichopasuka ni mfuko, mimi naona. Nauliza chombo."

Kwa kuwa mtu wa kwenye treni ni rahisi kumwambia kuliko jirani, Jeomrye alimwambia yote, hapo hapo sakafuni, mikono imejaa pilipili. Alimwambia vyombo viwili, simu ya Oktoba, na bwana ambaye hajamwona. Alisema ni bora aondoke mwenyewe kwa heshima kuliko kusubiri siku ambayo Hyorim ataanza kutafuta visingizio.

Wolsun alifunga fundo moja legevu kwenye mfuko mpya, akaacha mdomo wa mfuko wazi kidogo.

"Umefikiri vizuri," alisema. "Umefikiri kila kitu. Na yeye umemwuliza?"

"Kumwuliza nini?"

"Kama anataka kuachwa."

Jambo hilo, kwa kweli, Jeomrye hakuwa amelifikiria hata mara moja.

Hyorim alikuwa akimngoja nje ya kituo, uso umefungwa skafu hadi machoni. Alikuwa na miaka arobaini na tatu sasa, na nywele mbili tatu nyeupe alizozificha vibaya. Aliinama salamu, akamkumbatia, akanusa.

"Mama, una harufu ya sokoni."

"Usiulize."

Walitembea kando ya ziwa, kwa kuwa duka la Hyorim la kurekebisha nguo liko karibu na huko na nyumba yake iko juu ya duka. Ziwa lilikuwa limeganda kingoni na katikati bado linatoa moshi wa baridi. Miti yote ya ukingoni ilikuwa imevaa barafu nyeupe kwenye kila kijitawi. Gitae alipenda sana asubuhi za namna ile. Wote wawili walilikumbuka hilo, na wote wawili wakazungumza habari za bei ya kabichi.

Jikoni, Hyorim aliweka supu ya moto mezani, kisha akakata kamba ya boksi. Aliona mfuko. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili mfuko.

"Mama. Chombo chekundu kiko wapi?"

"Kina ufa."

"Ufa wapi?"

"Chini." Jeomrye alikunywa supu ili apate la kufanya. "Halafu, ukiwa na nafasi, nitolee na kile cha bluu. Nitarudi nacho. Nina... nina figili nyingi za kutia."

Hyorim aliketi. Hakuwa mtu wa hasira. Katika ndoa yake yote Jeomrye hakuwahi kumsikia akipandisha sauti, wala siku ile hakuipandisha.

"Novemba nilichukua ruhusa kwa wateja wangu siku tatu," alisema. "Nikanunua aproni mpya. Nikakaa na simu. Ukanipigia ukasema unatengeneza kidogo. Nikajiambia, Mama amechoka. Kisha Bibi wa duka la samaki, yule jirani yako, akaniambia umetengeneza vichwa arobaini, ukalazwa na mgongo. Mama, nilikukosea nini?"

"Hujanikosea kitu!"

"Ni kwa sababu ya Bwana Tak, yule niliyekuambia Oktoba?"

"Ni kwa ajili yako!" Jeomrye aliweka kijiko chini. "Wewe bado kijana. Una mtu. Utakuwa na mama mkwe mwingine, mwenye vyombo vyake. Mimi ni nani wako? Gitae hayupo. Hatuna damu, hatuna mjukuu. Nikiendelea kuja kila mwaka na jina la marehemu juu ya mfuniko, nitakuwa nakushika mguu usiende mbele. Sitaki kukushika mguu. Nakupenda mno, ndiyo maana."

Maneno hayo ya mwisho yalimtoka yenyewe. Hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote hivyo, hata marehemu mume wake, hata Gitae hospitalini, na hilo la Gitae analijutia mpaka leo.

Hyorim alisimama. Alichukua koti lake msumarini, akavaa viatu bila kufunga kamba, akashuka ngazi. Mlango wa duka ukagonga.

Jeomrye alibaki na supu mbili zinazopoa. Basi ndiyo hivyo, alijiambia, ndicho ulichokuja kukitafuta, umekipata. Alijikaza, lakini machozi hayakuomba ruhusa. Alisubiri robo saa, alisubiri nusu saa. Aliinuka akaosha vijiko, kwa sababu mikono yake haijui kulia bila kazi. Alichungulia dukani kwa juu ya ngazi. Picha ya Gitae, ile ambayo hakuiona ukutani alipoingia na ambayo alijikataza kuitafuta, ilikuwa imebandikwa pembeni ya cherehani, pale macho ya fundi yanapotua siku nzima. Picha ilikuwa na alama za vidole vyenye chaki.

Alifungua friji kuhifadhi kimchi. Chombo cha mfuniko wa bluu kilikuwa rafu ya katikati. Kilikuwa na wali wa jana, na pembeni yake bakuli la mtu mwingine anayekula sana. Jina la Gitae lilikuwa limefifia mahali fulani, na mtu alikuwa amelipitishia wino upya. Mwandiko wa herufi mbili za mwisho haukuwa wa Jeomrye wala wa Hyorim. Ulikuwa mnene, wa mwanamume. Jeomrye alishika mlango wa friji hadi friji ikaanza kulalamika.

Hyorim alirudi na theluji mabegani, pua nyekundu, na chombo kipya mkononi. Kilikuwa kikubwa, cha mfuniko wa kijani, bado kina karatasi ya dukani. Alikiosha, akakikausha, akafungua sufuria iliyokuwa jikoni tangu asubuhi. Ilikuwa na maharage meusi yaliyopikwa kwa mchuzi wa soya na asali hadi yakang'aa, mapishi ambayo Jeomrye mwenyewe alimfunza mwaka wa kwanza wa ndoa, akimpiga kwa kijiko mkononi kila alipozidisha asali. Akajaza chombo. Kisha akachukua kalamu ya wino na kuandika juu ya mfuniko, taratibu, kama anatia sahihi.

"Kile cha bluu hakitoki hapa," alisema. "Tumekizoea. Wino wake ukififia tunaurudishia, Bwana Tak alikataa kabisa nilifute jina. Alisema, nyumba hii aliianza mtu mwingine, si vizuri kumtoa kwenye friji."

Jeomrye alipangusa meza iliyokuwa safi.

"Na hiki," Hyorim alisukuma chombo cha kijani mezani, "ni changu. Nimekinunua sasa hivi. Nakuazima tu. Wewe uliniambia nini siku nilipoingia kwenu na bakuli lako mkononi, bakuli tupu?"

"Nilikuambia hukulelewa."

"Ulisema chombo cha mtu hakirudi kitupu, na asiyekirudisha ni mwizi. Sasa, Mama, wewe ni mwizi?"

Jeomrye alicheka na kulia kwa pamoja, jambo lisilompendeza mtu wa miaka sabini na mbili, pua inamwagika. "Maharage yako," alisema, akionja moja, "umezidisha asali."

"Nimezidisha makusudi."

"Huyo bwana wako ana mikono mikubwa?"

"Kama makasia."

"Novemba aje abebe magunia ya chumvi. Na aproni avae. Sitaki ajipake pilipili kwenye shati jeupe halafu anilaumu."

Walikula. Supu ilikuwa imepoa na wala hakuna aliyeipasha moto.

Treni ya saa tisa ilikuwa na wazee wale wale, sasa wamesinzia, midomo ikinukia mafuta ya ufuta. Wolsun alikuwa amemwekea kiti kwa fimbo yake.

"Njoo hapa! Tambi zilikuwa hazina chumvi. Hebu nione, umerudi na nini?" Alinyoosha mkono. "Weka chini, kina uzito."

"Chini kuna moto," Jeomrye alisema, akakipakata mapajani.

Wolsun aliinamia mfuniko wa kijani, akasoma bila miwani, kwa shida.

"Hyorim. Hyorim ndiye nani?"

Treni ilikuwa imeanza kuondoka. Ng'ambo ya dirisha ziwa lilipita, jeupe, na mvuke wake ulikuwa umekwisha kutulia.

"Ni binti yangu," Jeomrye alisema. "Chombo ni chake, lazima nimrudishie."